Kijapani changu nimekisomea bafuni

Wanaoniuliza wasapu "vipi huko Japani" huwa nawajibu safi tu, maana ukianza kueleza unajikuta umeandika gazeti. Sasa leo Jumapili sina zamu kiwandani, nje kuna ile mvua nyembamba ya Februari ambayo hailoweshi ila inagandisha, nimejifunga blanketi kiunoni kama bibi wa kwetu Kibosho, Kilimanjaro, mwezi wa saba, basi ngoja niliandike hilo gazeti.

Kwanza ramani. Siko Tokyo. Nyumbani nimeshasema mpaka nimechoka, kila nikipiga simu mjomba anauliza "Tokyo kunasemaje", nami namjibu hata sijafika mjomba. Niko Fukuoka, kisiwa cha Kyushu, huku chini kusini magharibi, na kutoka hapa Korea ni karibu kuliko Tokyo. Ni mji mkubwa lakini haujivuni, airport iko mjini kabisa, ukipanda treni ya chini ya ardhi ni vituo viwili tu mpaka stesheni kuu ya Hakata, dakika kama tano hivi. Nilipotua Aprili mwaka jana nilikuwa nimejiandaa kwa safari ndefu, nimeshika begi, nimetafuta kona ya kulala, kabla sijakaa vizuri watu wananishusha.

Ratiba yangu ni hii: shule ya lugha saa tatu asubuhi mpaka saa sita na nusu, vipindi vinne vya dakika 45, mchana homuweki, na usiku mara tatu kwa wiki naenda kiwanda cha chakula cha boksi, kazi yangu ni kuweka kipande kimoja cha karoti juu ya wali, boksi linapita, karoti, linapita, karoti, mpaka ukilala unaota karoti. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kibarua masaa 28 kwa wiki na hapo usicheze, kila mtu anayahesabu kama mahari. Darasani tumejaa Wanepali, Wavietinamu, watu wa Myanmar na Sri Lanka, na Waswahili wawili tu, mimi na dada mmoja wa Kenya, mtu wa Nakuru, ambaye bila yeye ningeshasahau kucheka.

Sasa kuna kitu kimoja kuhusu huku ambacho sijaona mtu anakisema na mimi kinanifurahisha kila siku. Saa ya ukutani ya Kijapani inasoma Kiswahili. Sitanii. Huku wametutangulia masaa sita, na sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, ambayo nayo ni tofauti ya masaa sita na mzungu. Kwa hiyo mshale ukiwa kwenye moja hapa Fukuoka, mchana watu wanatoka kula, kule Moshi ni saa moja asubuhi. Mshale ukiwa kwenye nane usiku huku, kwetu saa nane mchana, mama keshafunga hesabu ya asubuhi dukani na anakula. Sihitaji apu wala vidole, natazama saa tu na namba ninayoiona ndo saa ya nyumbani. Nilijaribu kumweleza sensei, yani mwalimu, akachora saa mbili ubaoni, akafuta, akachora tena, darasa zima limekaa kimya, mwisho Mvietinamu mmoja akanyoosha mkono akauliza kwa upole kabisa, kwa nini saa za Tanzania ni mbovu?

Tuje kwenye lugha yenyewe. Mswahili akianza Kijapani anaanza na mtaji, wallahi. Irabu ni zile zile tano, a e i o u, na maneno yanatembea kama yetu, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, ta-be-ma-su, no-mi-ma-su. Wenzangu wanapigwa na matamshi miezi mitatu, mimi wiki ya kwanza sensei ananipigia makofi. Tatizo ni kwamba maneno mengi unayajua tayari ila yamebadilisha kazi. Mimi ni sikio. Saba ni samaki, huyu tunayemwita vibua. Kesho ni kujipodoa. Jiko ni ajali, kwa hiyo ukisikia kwenye redio "jiko" usifikirie ubwabwa, kuna mtu kagongwa. Tako ni pweza, na wanauza vidonge vyake vya moto barabarani, dada wa Nakuru kila tukipita ananiuliza kwa sauti kama nataka nimnunulie. Halafu Mjapani akijitaja mwenyewe haoneshi kifua, anaonesha pua. Siku ya kwanza nimesimama mbele ya darasa najipiga kifua nasema mimi, mimi, sensei anaangalia masikio yangu. Kuna mji jirani nao hapa Kyushu, treni ya kasi haichukui hata saa moja, una dubu wao mweusi wa matangazo kila duka, jina lake siandiki maana shangazi zangu wanasoma hapa. Ramani mnazo.

Lakini neno lililonifuata mwaka mzima ni uchi.

Uchi ni nyumbani. Sensei alikuwa anatuuliza mmoja mmoja wikiendi tulikuwa wapi, ikafika zamu ya dada wa Nakuru, akasimama na heshima zake zote, akasema uchi ni imashita, nilikuwa nyumbani, na akaniangalia mimi makusudi. Nilicheka mpaka nikatolewa nje nikanywe maji. Usiku nikampigia mama nikamwambia mama, huku nyumbani wanaita uchi. Mama ni mzee wa kanisa, akanyamaza kidogo, akasema sasa hiyo ndo ada tunayolipa? Halafu nikasikia anacheka pembeni ya simu. Mtunze huyo mama, nitamrudia.

Raha za mwanafunzi asiye na hela Fukuoka ziko kama hivi. Kuna Ohori, bustani yenye ziwa katikati, ukilizunguka ni kama kilomita mbili, njia imewekwa laini kabisa kwa wakimbiaji na haina kiingilio. Jumamosi asubuhi napita uwanja wa Heiwadai, pale pembeni ya magofu ya ngome ya zamani, naingia Ohori, nakaa kwenye benchi nasoma kadi za kanji, ile michoro yao ya kuandikia, huku nawaangalia watu wakikimbia. Nasema nawaangalia. Kwa sababu Mjapani akishakuona Mwafrika wa mashariki anaamini umezaliwa na raba miguuni, shule yetu mwezi wa kumi iliingia mbio za kupokezana za vijana wa mtaani, wakanipa kipande cha mwisho bila hata kuniuliza, nimepokea mkanda tukiwa wa pili, nimefika tukiwa wa tisa. Kulikuwa na timu kumi. Yule wa kumi alikuwa na kiatu kimefunguka kamba.

Kuna rameni. Huku ni nyumbani kwa rameni ya tonkotsu, na kwa lugha ya kwetu ni supu ya mifupa ya kitimoto, imechemshwa masaa mengi mpaka ikawa nyeupe kama tui. Mtu wa Moshi hahitaji maelezo zaidi. Tambi ni nyembamba, unaulizwa unataka ugumu gani, ukisema "kata" ni ngumu, "barikata" ngumu zaidi, na ukimaliza tambi supu ikabaki unaagiza kaedama, wanakutumbukizia tambi nyingine kwa hela ndogo. Ndo maana humwagi supu mapema, unaichunga kama mchuzi wa Krismasi. Wenzangu Waislamu hii hawaigusi, wao wana msikiti wao upande wa Hakozaki na maduka ya halali, na Ijumaa wanarudi na sambusa za Wapakistani ambazo nazila mimi zaidi yao.

Karaoke nimeenda mara moja, sitaki kuongelea. Baseball sijaielewa, naomba msinielimishe. Takataka za mji huu zinatolewa usiku, sio asubuhi kama miji mingine ya Japani, kwa hiyo kama saa nne usiku unakutana na majirani wote wamevaa malapa na mfuko mkononi, mnainamiana vichwa, na kwa kweli kwa miezi ya mwanzo hiyo ndo ilikuwa jamii yangu yote nje ya shule.

Halafu baridi ikaja. Mimi naijua baridi, Kibosho mwezi wa saba unavaa sweta mbili na moshi wa jikoni unautafuta mwenyewe. Lakini nyumba za huku za bei yangu ni karatasi, ndani kunakuwa na baridi kuliko nje, na bafu langu ni kijichumba cha plastiki ambacho choo, sinki na beseni vimebanana, ukiinama kuokota sabuni kiwiko kinafungua bomba. Bili ya gesi ya Novemba ilinifanya nikae chini. Mnepali mmoja akaniambia, kwani wewe huendi sento?

Sento ni bafu la umma la mtaani. Lile la kwetu lina bomba refu la moshi unaliona ukiwa mbali, na mlangoni pazia fupi limeandikwa ゆ, maji ya moto. Bei haifiki yeni elfu moja, unaoga mpaka uchoke. Nikauliza nguo wanavaa gani, akanitazama kama mjinga. Hamna nguo.

Nieleze kidogo nimetoka wapi. Kwetu kumwona mtu mzima bila nguo ni mkosi. Biblia yenyewe tumefundishwa habari ya Hamu aliyemwona baba yake Nuhu amelala utupu, angalia kilichomkuta mwanawe Kanaani. Tangu nimeanza darasa la pili hata kaka yangu hajaniona. Sasa niende nikavue mbele ya wazee wa watu, tena mimi ndo mweusi peke yangu mtaa mzima, hata nikijificha naonekana. Siku ya kwanza nilifika mpaka mlangoni, nikasimama, nikanunua kahawa ya kopo kwenye mashine ya nje nikajifanya hicho ndo kilichonileta, nikarudi. Kopo limeandikwa Kirimanjaro. Nikaliambia na wewe usinicheke.

Siku ya pili nikaingia. Viatu unaacha kwenye kabati dogo lenye ufunguo wa mbao, bibi anapokea hela, mbele yako mapazia mawili, na hapo ndo kanji zilinilipa ada yangu yote. Kanji ya mwanaume ni 男, juu shamba, chini nguvu, yani nguvu shambani, na tulipofundishwa nilimwambia sensei waliotunga hiyo hawajafika Uchagani wakaona nani anabeba ndizi. Lakini pale mlangoni niliisoma kama mtu anasoma jina lake kwenye matokeo. Nikaingia upande wa shamba na nguvu.

Nikavua nimegeukia ukuta. Kitaulo wanachokwenda nacho ni saizi ya kitambaa cha kufutia vyombo, ukifunika mbele nyuma kunabaki, ukifunika nyuma unajua mwenyewe. Nikajikaza nikageuka. Hakuna aliyeniangalia! Kumbe ndani wamekaa wazee kama saba kwenye vistuli vifupi wanajisugua kama wanaosha gari, kila mtu na yake. Utaratibu ni kwamba unaoga kwanza, unajisugua povu mpaka la mwisho, ndo unaingia kwenye dimbwi la maji ya moto kuloweka, na kile kitaulo hakiingii majini, wanakiweka kichwani.

Nimekaa kwenye stuli, mzee mmoja akaja akaonesha stuli ya pembeni akasema, "Koko totto to?"

Mimi nimesikia toto. Nikadhani ananiambia mtoto ondoka hapo. Nikasimama, nikainama, nikaomba radhi kwa Kijapani kirefu cha kitabuni, mzee kashangaa, akanikalisha kwa kunibonyeza bega. Baadaye ndo nikajua ni lafudhi ya Hakata, anauliza hapa kuna mtu? Na jibu lake ni lile lile, totto to, ndio nimeweka. Hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Tukaingia majini. Jamani. Yale ni maji ya kunyonyolea kuku. Nimeshuka kwa awamu, kifundo, goti, nimefika kiunoni nimesimama macho yamenitoka, wazee wamezama mpaka shingoni wamefumba macho kama viboko. Yule mzee akafungua jicho moja akaniuliza nimetoka wapi. Tanzania, nikasema. Akasema Kirimanjaro, nikasema ndio, nimezaliwa miguuni pake. Kimya. Nikadhani tumemaliza. Halafu akasema neno ambalo sikulishika, akarudia polepole: "Ikangaa. Marason no Ikangaa."

Niwe mkweli, aibu ilinipata. Filbert Bayi namjua, shule ya msingi tumeimbishwa. Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu mwingine, wa marathoni, nilikuwa nalijua jina tu, kama jina la mtaa. Mzee akakaa sawa, akatoa vidole viwili vya kila mkono, akaanza kuvikimbiza kwenye ukingo wa dimbwi. Huyu Ikangaa, mbele. Huyu Seko, Mjapani wao, nyuma. Ikangaa mbele, Seko nyuma, kilomita zote hizo, hatoki, kajibanza kama kivuli. Desemba 1983. Wanaingia uwanja wa Heiwadai, wanazunguka, na pale mwishoni kabisa vidole vya Seko vikachomoka, pyaa, maji yakaturukia. Sekunde tatu. Akanionesha tatu. Wazee wengine wameshafumbua macho, mmoja anamsahihisha kitu, wakabishana kidogo. Halafu akasema, lakini 1986 Ikangaa akarudi, na akashinda, hapa hapa Fukuoka. Akanyoosha kidole kimoja juu akakiacha pale.

Nilivyofika chumbani nikatafuta kwenye simu. Mzee hakukosea hata mwaka. Na Heiwadai ni ule ule uwanja ninaoupita kila Jumamosi na kadi zangu za kanji, miezi na miezi naupita kama ukuta wa shule. Jumamosi iliyofuata nilisimama getini nikauangalia vizuri. Hauna makuu. Mlinzi akaniuliza kama nimekuja mazoezi.

Tangu siku hiyo kila Jumanne na Ijumaa niko sento, na nisipoenda naulizwa. Jina la yule mzee silijui mpaka leo, namwita ojiisan, babu, kama wanavyoita wao mzee yeyote, na hilo ndo jambo lililonifanya nijisikie niko na watu, maana huku ukikutana na mwanamke wa makamo usiyemjua ni shangazi, kijana aliyekuzidi ni kaka, hakuna mtu wa kuitwa jina lake tu hewani. Yeye ananiita Tanzania-kun. Wana msemo wao, hadaka no tsukiai, urafiki wa kuwa utupu, na nimeuelewa kwa macho yangu, mle ndani hujui nani mkurugenzi nani anafagia stesheni, wote mna vitambi na kitaulo kichwani. Shikamoo ningewapa wote.

Kijapani chao sasa. Sensei anatufundisha samui, kuna baridi, oishii, tamu, ii, nzuri. Bafuni wanasema samuka, umaka, yoka. Kila sifa wanaikata mkia na kuipachika ka, na masikioni mwangu inaingia moja kwa moja kwa sababu inasikika kama vitenzi vyetu, vunjika, pasuka, furahika. Samuka! Unasikia kabisa mtu amesamuka. Na wakitaka kusema sana sana wanaweka bari mbele, bari samuka. Siku moja sensei kaleta vitafunwa darasani, kaniuliza vipi, nikamjibu bari umaka, akaziba mdomo kwa mkono akacheka mpaka machozi, akasema hiyo usiandike kwenye mtihani. Humo humo bafuni nimejifunza kwamba ukitoka wa kwanza unasema osaki ni, natangulia. Na mtu akitoka kazini unamwambia otsukaresama, ambayo Mvietinamu aliandika maelezo nusu ukurasa kujaribu kuielewa, mimi nikaandika pembeni: pole na kazi. Nikafunga daftari.

Ukimaliza kuoga kuna maziwa. Friji iko pale pa kuvalia nguo, chupa ndogo za kioo, maziwa yaliyochanganywa na kahawa, unakunywa umesimama, mkono mmoja kiunoni, kichwa nyuma. Ni kama sheria. Niliwahi kumweleza ojiisan kwamba babu yangu mzaa baba alilima kahawa Kibosho maisha yake yote, anapeleka magunia chama cha ushirika, na asubuhi yeye mwenyewe alikunywa chai ya rangi. Hata siku moja sikumwona na kikombe cha kahawa. Ojiisan akauliza kwa nini. Nikafikiria, nikashindwa kueleza kwa Kijapani, na nikiwaambia ukweli hata kwa Kiswahili sijui ningeanzia wapi. Nikasema, ilikuwa ya kuuza. Akatikisa kichwa, akasema baba yake alilima mpunga.

Basi Desemba nikakaa mtihani wa Kijapani ngazi ya N3, ule wa kimataifa, unafanyika mara mbili kwa mwaka, Julai na Desemba. Majibu yametoka mwisho wa Januari. Kusikiliza nimepata 45 kati ya 60, maana wiki zote hizo nimesikiliza wazee wenye maji masikioni, mtu anayeongea vizuri kwenye spika kwangu ni mteremko. Msamiati na sarufi 27. Kusoma 19, pale pale kwenye mstari wa mwisho wa kuruhusiwa, sababu kanji za matumizi ya kawaida ni 2,136 na mimi na wao bado tunaangaliana kwa mbali. Jumla 91. Kufaulu ni 95. Pointi nne! Dada wa Nakuru amefaulu na 112, na alinunua pweza, na hakusema utani wowote siku hiyo, nikajua kweli hali ni mbaya.

Ijumaa hiyo nikaenda sento. Ojiisan akauliza, nikasema ochimashita, nimeanguka, kwa ngapi, nikamwonesha vidole vinne juu ya maji. Akaviangalia muda mrefu. Halafu akatoa vyake vitatu. Ikangaa, akasema, 1983, sekunde tatu. Akavirudisha majini, akatoa kimoja: 1986.

Nikamwambia ojiisan, hiyo ni miaka mitatu, viza yangu ya shule mwisho miaka miwili.

Alicheka huyo mzee mpaka akakohoa, ikabidi bibi wa mlangoni aulize kama tuko salama. Wakasimuliana bafu zima. Maziwa siku hiyo alilipa yeye, na akaniambia Julai si iko mbele, tena Julai maji ya moto hayana foleni.

Nimerudi chumbani kichwa bado kinafuka moshi kwenye baridi, nimeangalia ukutani, mshale kwenye tisa, kwa hiyo kwetu saa tisa alasiri, simu ikaita yenyewe. Mama, yuko dukani, nasikia mtu anapimiwa sukari. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza nimekula, nikasema bado ndo naingia. Na mama yangu, mzee wa kanisa, mbele ya wateja wake, kwa sauti ile anayotumia akidhani Japani ni mbali sana kwa hiyo inabidi kupaza, akauliza:

"Kwa hiyo umeshafika uchi?"

Mizani ikasimama. Nikasikia sauti ya mama mwingine, karibu na simu, inauliza polepole, "Nani yuko uchi?"

"Mwanangu," mama akasema. "Kila siku usiku. Ndo anachosomea."